Peruki Niliyomvalisha Mgombea

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi hapa Lubumbashi, na ugonjwa wa walimu ninao mpaka leo: mtu akisimama mbele yangu, ninampa pointi. Hata mchungaji wetu nimeshampa pointi, tena si nyingi. Kwa hiyo chama kidogo kimoja kilipotafuta mwanamke wa kumweka kwenye orodha ya wagombea wa ushauri katika baraza la komini, na wakubwa wake wakaja kuniuliza juu ya jirani yangu muuza unga, sikuwaambia kwamba nitafikiri. Nilichukua karatasi na kalamu nyekundu.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Maniema kuja kushona nguo mjini. Aliishi na mama yake katika lupango la tatu, kiwanja cha tatu kutoka kwangu. Msimu ule unga wa mahindi ulipokosekana, watu wakalala siku mbili tatu bila bukari, ugali wetu, yeye ndiye aliyekuwa akienda Kipushi kila kukicha, anavuka mpaka, anarudi na magunia na kuuza kwa bei ileile ya zamani. Wamama wa mtaa walimshukuru mpaka machozi. Na mimi nilikula bukari hiyo, nisijifanye.

Sasa sikia nilivyompima. Moyo, kumi juu ya kumi. Kujulikana, kumi. Kifaransa nikampa nne, maana alikuwa anakiokota neno moja moja. Masomo aliishia mwaka wa nne wa sekondari. Nikaandika tano na kujiona mkarimu. Halafu nikafika kwenye sura. Hakuwahi kuonekana nje bila kitambala chake, kile kikubwa kinachofunika masikio na shingo na kubakiza duara la uso tu. Hapo nikaandika mbili, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Anaonekana mgeni." Mwanamke aliyezaliwa hapa, wa mama aliyezaliwa hapa! Ninaandika haya na uso unaniwaka.

Wale wakubwa wa chama niliwaambia wamchukue, lakini kwanza arekebishwe kidogo. Walikubali haraka, na kazi ya kumrekebisha wakaniachia mimi.

Kwetu mpiga kura anaingia katika chumba cha darasa, anasimama mbele ya mashine, anaona picha ndogo za wagombea, kila moja na namba yake, kisha anagusa anayemtaka. Kwa hiyo nilianza na picha.

"Toa hii kitambala, ni kwa picha tu," nilimwambia. "Bantu banaweza kusema weye si wa hapa."

"Mama mwalimu, mama yangu atakasirika."

"Mama yako njo atakuwa mushauri, ao ni weye?"

Nilimpeleka mwenyewe kwa mpiga picha, nimebeba peruki yangu ya nywele ndefu zilizonyooka, ile ninayovaa kwenye harusi za matajiri katika hoteli ya Karavia, na rangi ya midomo. Aligeukia ukutani kufungua kitambala. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari, na mvi chache zimeanza mbele. Nadhani hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyekuwa ameziona. Nikamvalisha peruki, nikamvuta huku, nikamvuta kule, jinsi nilivyokuwa nawatengeneza watoto siku inspekta anakuja. Kitambala chake nilikikunja nikakiweka mapajani.

Mpiga picha alipotuonyesha, jirani yangu aliisogelea picha akaitazama.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mheshimiwa," nikamwambia, nikacheka. Naye alicheka kidogo.

"Sawa. Kama ni weye unasema."

Picha ikapelekwa kwenye tume ya uchaguzi. Kampeni ilipoanza hakuwa na uwezo wa kuchapisha mabango, basi alitembea lupango kwa lupango, na kitambala chake kichwani kama siku zote. Wateja wake wengi ni wamama wazee, hawajui kusoma, na namba iliwachanganya. Siku ya kwanza niliyomsindikiza nilimsikia akiwaambia: "Musisumbuke na namba. Sura yangu munaijua. Mutafute tu sura yangu."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Ningeweza kusema palepale kwamba kwenye picha ana nywele ndefu, mtafuteni mwenye nywele. Sentensi moja tu. Lakini kuisema ilikuwa kukiri kwamba mwalimu amekosea, tena mbele ya wamama ambao watoto wao niliwachapa kwa rula kwa ajili ya makosa madogo kuliko hilo. Nikajiambia kwamba watamjua kwa macho. Nikajitia hamnazo, siku hiyo na siku zote zilizofuata, na maneno yale aliyarudia mpaka kampeni ikaisha.

Siku ya kura niliigusa picha yake mapema kwenye mashine, maana mimi nilijua pa kutafuta. Nikakaa uwanjani mwa shule chini ya kivuli cha ukuta. Wamama wakaanza kutoka.

"Hatumuone."

"Hayuko mu mashini. Bamemutosha, bamemuondoa."

Mmoja alisema amegusa mtu yeyote tu kwa sababu watu nyuma yake walikuwa wanalalamika. Halafu akatoka mama mzazi wa mgombea, kadi bado mkononi, anatembea polepole. Alipita mbele yangu akasema, bila kumwambia mtu fulani: "Nilimutafuta mutoto wangu, nikamukosa." Alikuwa ametoka bila kugusa mtu. Mimi niliinama nikajifanya ninafunga kiatu.

Jirani yangu alishindwa. Baada ya siku chache, mchana, wamama walikusanyika katika lupango lao wakaniita niandike mashtaka: picha ya mgombea wao imeondolewa kwenye mashine, wanataka haki. Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti kizuri walichonipa, nikafungua daftari, nikiwa tayari kabisa kuandika.

Kabla sijaandika neno, mgombea mwenyewe akasema: "Picha yangu ilikuwa mule. Hata miye nilijitafuta, nikajipita mara moja, njo nikajiona. Nilivaa peruki."

Kisha wakamrukia.

"Peruki ya nini?"

"Ulitaka kufanana na bamama ba Karavia?"

"Siye tunasimama mu jua juu yako, kumbe weye unasikia haya kufanana na siye!"

Aliinamisha kichwa akawaacha waseme. Jina langu halikutoka mdomoni mwake. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamtazama bintiye kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo leo. Nilijua ni zamu yangu. Ndipo mzee wao, mwanamke mmoja niliyemfundishia wajukuu, akanigeukia.

"Na weye mwalimu, weye uko na masomo, haukumuambia kitu?"

Wote walinitazama.

"Nilimuambia abakie na kitambala chake," nikasema. "Hakunisikia."

Niliisikia sauti yangu, ileile ya darasani, wazi, isiyotetemeka. Yeye aliinua macho akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akawaambia.

Kisha akainuka kuleta chai. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa heshima, kikombe cha kwanza alinipa mimi, nami nikakipokea kwa mikono miwili.