Mgongo Ndani ya Gari la Buluu

Filamu yenyewe ni ya wezi wa ramani na gari la buluu lisilokamatika. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyofungua daftari la fizikia, na si kwa ajili ya ramani. Ilipigwa hapa hapa Bujumbura, na kaka yangu, fundi wa magari mtaani Buyenzi, aliitwa aendeshe gari hilo kwa sababu mwigizaji mkuu hakujua kuendesha. Mahali pamoja, muda wa pumzi mbili tu, gari linakata kona ya garaji yao na unaona mgongo wa dereva na kisogo. Basi.

Hiyo ndiyo picha tuliyobaki nayo. Baba hataki picha za watu ukutani. Simu ya kaka ilivunjikia mfukoni siku jeki ilipoteleza na gari la mteja likamlalia. Picha ya karangamuntu, kitambulisho chake, imefifia, yamebaki masikio. Kila siku mama akimaliza kuosha sahani anataka filamu, ananiambia, "Niwekee mutoto wangu."

Nilitaka kusimama pale alipopita. Naona haya kutembea peke yangu nikikodolea kuta za watu, kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu wa darasani anisindikize. Yeye anakaa Nyakabiga na haoni haya hata mbele ya polisi.

Tulianzia kwao. Kwenye filamu gari linaingia uchochoro wa Nyakabiga na papo hapo linatokea Gasenyi.

"Waongo hawa!" alicheka. "Toka hapa mpaka Gasenyi, magari ya garaji yenu yangezima mara tatu."

Gasenyi tulikwenda siku nyingine. Ukuta ambao shujaa anauruka kwa tabu unanifikia kifuani. Mbuzi alikuwa amesimama juu yake, anatafuna.

Buyenzi tuliiacha mwisho, Ijumaa moja shule ilipotutoa mapema. Kona ile naijua tangu nazaliwa: injini chini, mafundi wanatukanana kwa mapenzi, huwezi kupita bila kuchafuka oili. Tulipofika hapakuwa na mtu. Adhana ilikuwa imeshalia. Milango ya chuma imefungwa, spana zimelala juu ya gunia.

Rafiki yangu akainua simu yake, filamu imesimama pale pale kwenye kona. "Angalia, ni sawasawa! Hata milango imefungwa hivi hivi. Walifukuza watu wote hawa namna gani?"

Hakuna anayeweza kufukuza watu wa kona hii. Huondoka wenyewe, mara moja kwa wiki, saa ya swala ya Ijumaa. Na kaka hakuwahi kuikosa. Mama alikuwa akimpigia kanzu pasi asubuhi, naye anaitundika garaji nyuma ya mlango, mbali na oili.

Tulikaa kwenye tairi mpaka wanaume waliporudi. Mzee aliyemfundisha kaka kazi alipofungua mlango, nilimgusa rafiki yangu kwa kiwiko. Akaniulizia: "Mzee, siku walipiga filme hapa, nani alikuwa ndani ya gari?"

"Kijana wao, walikuya naye. Kaka ya huyu aliwambia, ngojeni niswali kwanza. Wakasema jua litageuka. Akawaachia funguo, akaenda zake." Akanitazama. "Siku zingine aliendesha yeye. Mi sijaiona. Iko muzuri?"

"Iko muzuri," nilisema.

Vipande vya siku zingine hizo havimwonyeshi. Linaonekana gari tu, kwa mbali, na vumbi.

Nikakumbuka tulivyoitazama naye mara ya kwanza, wote tumebanana kwenye mkeka. Ni sisi tuliopiga kelele, "Ni we! Ni we!" Yeye alitabasamu tu, akaendelea kula karanga. Hakusema ndiyo.

Nyumbani mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akakaa karibu yangu. "Niwekee mutoto wangu."

Nilitaka kumwambia. Lakini kanzu ya Ijumaa ile mama aliipiga pasi mwenyewe.

Nikaweka. Mgongo wa mtu nisiyemjua ukakata kona. Mama akaugusa kwa kidole, kioo cha simu kikapata alama ya maji.

"Ona vile alikuwa amekonda," alisema. "Rudisha."

Nikarudisha.