Barua sita za mke wangu zilirudishwa Tabora kwa sababu eti naishi kwenye lori

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi. Juzi nimeona mwenzetu analalamika mzigo wake umekaliwa na mtu wiki mbili, nikasema leo na mimi nitoe langu. Ni la miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Sitaongeza neno, na palipo na aibu yangu nitaisema pia.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilikuwa dereva wa fundi mmoja Kalasinga, jina lake Harnam, bingwa wa mashine za jinari, yaani vile viwanda vya kuchambulia pamba.

Kazi yetu ilikuwa kuzunguka. Tulianzia upande wa Mwanza, tukapitia Kisumu, tukavuka kuingia Uganda. Jinari hii wiki mbili, ile wiki tatu.

Tuliishi kwenye lori. Nyuma palijengwa chumba cha mbao chenye dirisha, vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na kabati la spana. Fundi alipika dengu, mimi nikapika wali, tukala pamoja. Maisha yalikuwa mazuri, nisiwadanganye.

Tatizo lilikuwa barua.

Fundi alikuwa na rafiki yake mwenye duka la vipuri Jinja. Sanduku la posta la duka lile ndilo likawa anwani yetu sote wawili. Barua ikifika, karani wa duka anafuta anwani ya Jinja, anaandika jinari tuliyopo, anairudisha posta. Posta ya nchi zote tatu ilikuwa moja, hata stempu mpya haikutakiwa. Na kila tukihama, fundi alimpelekea karani anwani mpya.

Karani simtaji jina. Ana watoto na wajukuu, na wao hawakunikosea.

Nilipoondoka nyumbani nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Mke wangu Zena alijua kusoma na kuandika. Nilimwachia anwani ya Jinja, nikamwambia, "Usiandike kwingine, sisi hatukai mahali."

Basi. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Mimi naandika, naeleza pamba, naeleza mvua za Mbale, nauliza mama hajambo? Jibu hakuna.

Na mjue, barua za fundi zilikuwa zinafika! Kila wiki! Namuuliza, "Fundi, yangu hakuna?" Anapekua, anatikisa kichwa. "Hapana, dereva. Labda bibi yako iko na kazi mingi."

Aibu yangu ndiyo hii. Nilianza kumchukia mke wangu. Nikamwandikia barua moja kali ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta leo. Halafu nikaacha kuandika kabisa.

Mwezi wa kumi na moja wa safari tulikuwa Mbale, lori tumeliegesha mtaa wa Malukhu. Nipo chini ya gari nakaza springi, nikasikia sauti ya mtu wa kwetu.

"Toka huko chini, Shabani."

Alikuwa shemeji yangu Ramadhani, kaka mkubwa wa Zena. Hakuwa peke yake. Wametoka Tabora kwa treni, Mwanza wakapanda meli hadi Kisumu, kisha basi. Barua zangu zilitaja Mbale, basi kufika huko wakauliza lori lenye nyumba mgongoni, na mtu wa kwanza tu akawaonyesha.

Nyuma yake amesimama Zena. Mgongoni kwa Zena kuna mtoto.

Wakuu, mimi sikuwa na habari ya mtoto.

Ramadhani hakunipa mkono. "Tumefuata talaka. Iandike, tuondoke na basi la mchana."

Nikauliza talaka ya nini. Zena akafungua kitambaa, akapanga barua sita kwenye ngazi ya lori. Barua zake mwenyewe, hazijafunguliwa. Kila moja jina langu limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa kwamba mtu huyu ameondoka, irudishwe ilikotoka.

"Unaniandikia habari za mvua," Zena akasema, "unanilaumu siandiki, halafu zangu unazirudisha. Ulitaka nifikirie nini?"

Nilikaa pale pale kwenye vumbi, mikono imejaa grisi, nikazifungua moja moja.

Ya kwanza, ana mimba. Ya pili, mama yangu mimi anaumwa. Ya tatu, mama anakuulizia, njoo. Ya nne, mama tumemzika. Ya tano, tumepata mtoto wa kike. Ya sita ilikuwa na mstari mmoja: "Kama umenikataa, niambie mwenyewe."

Habari za karibu mwaka mzima nilizisoma kwa robo saa. Mama alikuwa na miezi mitano kaburini, na mimi wiki iliyopita nimemnunulia kanga sokoni.

Fundi Harnam alishuka, akaokota bahasha moja, akaitazama. "Hii mkono ya karani," akasema. Akaingia ndani, akafunga kilemba chake vizuri, akatoka. "Wote panda. Jinja."

Tulikwenda wote na lori lile lile, Zena na mtoto juu ya kitanda cha fundi.

Karani hata hakukana. "Ndiyo, mimi naandika."

"Kwa nini?"

"Bwana, fundi ni rafiki ya mwenye duka. Wewe ni dereva. Leo iko Mbale, kesho iko Soroti. Mtu ya kulala kwa lori hapana adresi. Na mimi iko na kazi."

Hebu oneni! Fundi na mimi lori ni moja! Kati ya kitanda chake na changu kulikuwa na ndoo ya maji tu! Yeye ana anwani, mimi sina?

Ramadhani akamkamata ukosi wa shati. Zena akasema, "Mwache, kaka." Akaweka barua ya nne juu ya kaunta.

"Isome. Kwa sauti."

Duka lilikuwa na wateja. Karani akaanza kusoma vizuri tu, kama anasoma risiti. Alipofika mahali mama, kabla hajakata roho, ananiita jina langu la utotoni, akaacha kusoma. Akaishusha ile karatasi.

"Nisamehe, mama," akamwambia Zena.

"Aliyekuwa anaita si mimi," Zena akajibu, akaichukua barua yake.

Mwenye duka alitoka nyuma, akasema pole, eti ni shauri ya karani, akatuagizia chai. Hatukunywa. Karani aliendelea na kazi yake. Fundi ndiye pekee aliyechukua hatua: siku ile ile aliliacha lile sanduku.

Talaka haikuandikwa. Ramadhani alirudi peke yake. Zena na binti yetu walikaa nasi kwenye lori mpaka msimu ukaisha, kisha tukaenda Tabora, nikaonyeshwa kaburi.

Nilichojifunza: ukisafiri muda mrefu, barua na mizigo yako ikae posta kwa jina lako, uifuate mwenyewe. Usiitegemee hisani ya mtu anayekuona wewe si kitu. Na mwenzako akikaa kimya, ulizia kwanza kabla hujamchukia.

Najua wapo watakaosema mambo ya zamani hayo, mzee samehe. Nimejaribu, wakuu. Hasira bado ninayo.

Ingekuwa ni mama yako, wewe ungemsamehe yule karani? Semeni bila kunionea haya, nitasoma kila comment.