Wimbo Uliochoma Masikio

Mume wangu haamini kitu mpaka akipime kwa masikio. Kabla hajanunua sufuria huigonga kwa kucha. Kabla hatujapanga nyumba hii alipiga makofi katika kila chumba, mwenye nyumba akimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mtaani wanamwita Mizani, na jina hilo limetokana na kazi yake. Watu huimba, yeye hujifungia chumba cha nyuma na kompyuta na spika mbili, akizipima sauti moja moja hadi zikae pamoja bila kugombana. Besi isimkanyage mwimbaji, kayamba isilifunike gitaa. Zikishaelewana, huupitisha wimbo mzima kwa mara ya mwisho ili usikike sawa kwenye simu, kwenye gari na kwenye spika kubwa za uwanjani. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hatua hiyo naiita kupiga pasi. Yeye huchukia nikisema hivyo, ndiyo maana nasema.

Mafundi wawili kugombea chumba kimoja ni kesi isiyoisha. Nilipopata kazi ya kushona mapazia ya hoteli, mazito, ya kufika sakafuni, sikuwa na pa kuyatundika yaliyokamilika. Nikafunga waya kuzunguka kuta zote za chumba chake. Nilijiandaa kwa vita. Badala yake alisimama katikati, akapiga kofi moja, akasikiliza, akatabasamu kama bwana harusi.

"Mke wangu, umenijengea studio! Mwangwi wote umekufa."

"Basi nitakutoza kodi," nikamwambia.

Ndani ya mapazia hayo ndimo alimoutengeneza wimbo wa akina mama wa sokoni. Kiongozi wao ni muuza nyanya ambaye wote humwita Mwenyekiti, na ambaye akikuita kwa mbali mtaa mzima huitika. Wimbo ulikuwa wa kupigwa siku ya kufungua jengo lao jipya, mbele ya kila mtu tunayemfahamu. Mizani akaupima, akaupiga pasi, akautuma. Haukupita muda simu ikaita, na sikuhitaji kusogea karibu ili kusikia.

"Fundi wangu, usinifikirie vibaya. Wimbo wako unachoma masikio."

"Unachoma vipi, mama?"

"Kila tukisema 'sisi', tukisema 'soko', ni kama mtu anakwangua sufuria. Wenzangu wameziba masikio. Sauti zao wenyewe, baba!"

Mizani akarudi kwenye spika zake. Akausikiliza mwanzo hadi mwisho, akatoka na uso wa mtu aliyesingiziwa. "Hauchomi." Akaupunguzia kidogo sauti za juu kwa heshima ya mteja, akautuma tena. Jibu likarudi lile lile, safari hii bila "usinifikirie vibaya". Nikaujaribu kwenye simu yangu, kweli ukakwaruza. Akasema simu yangu ni mbovu tangu siku niliyoinunua. Hedifoni zake zilikuwa zimekanyagwa na kitindamimba wetu, upande mmoja umekufa, kwa hiyo hakuwa na shahidi mwingine ila zile spika na masikio yake.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu. Baba mkwe wangu aliendesha mashine ya kusaga nafaka hadi masikio yakamwishia. Zilianza kumpotea zile sauti nyembamba, ndege na njuga na vicheko vya wajukuu, kisha zikafuata nyingine. Ukimsalimu alijibu kwa kukisia, na mara nyingi alikisia vibaya, nasi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alianza hivyo akiwa na umri kama huu alionao mwanawe sasa. Hakuna aliyecheka tena.

Nilimkuta Mizani bafuni amefungua bomba, anageuza kichwa, sikio hili, sikio lile. Mezani alisugua vidole pembeni ya kichwa huku chakula kikipoa. Alinishtua nikiwa nashona: "Unasikia hiyo?" Nini? "Hiyo, ya juu, kama mbu." Nilisikia, nilikuwa naisikia siku zote, ni chaja ya simu ukutani. Lakini aliniuliza kwa namna ambayo sikujua kama anaisikia au ananipima mimi.

Nami nikaanza kumtega, Mungu anisamehe. Nilimwita kutoka jikoni kwa sauti ya chini. Siku nyingine aliitika, siku nyingine akanyamaza. Lakini jamani, ni mume gani huitika mara ya kwanza akiitwa kutoka jikoni?

"Nenda hospitali wakupime," nikamwambia hatimaye.

"Wakinipima watanipa jibu."

"Si ndicho unachotaka?"

Alinitazama kwa macho ya mtoto aliyepotea. "Mpishi akifa ulimi, mama watoto, atamwekea nani chumvi?"

Niliogopa kuliko yeye, kwa sababu mimi ndiye ninayejua anavyokuwa siku asizofanya kazi.

Siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia wakati dereva wa hoteli alipokuja kuchukua mapazia. Tukayashusha, tukayakunja, akaondoka nayo. Mizani akaingia chumbani kujaribu tena, mabega yameanguka. Mara nikasikia yowe. Nilikimbia na mkasi mkononi.

"Unachoma! Njoo usikie, unachoma!"

Ulichoma kweli. Meno yalinisisimka. Mume wangu alikuwa anaruka, anapiga makofi, na kuta tupu zinamrudishia kila kofi.

"Ni mapazia yako! Kitambaa kinameza sauti za juu, besi kinaiacha ipite. Mimi nikaona za juu hazitoshi, nikaziongeza. Yakameza. Nikaongeza tena!"

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuharibia kazi?"

"Ni wewe! Ubarikiwe!"

Sijawahi kulaumiwa nikafurahi namna ile. Siku hiyo tulikula kama watu waliotoka msibani wakakuta marehemu ni mzima. Wimbo akaupima upya, na Mwenyekiti akapiga simu akisema sasa anajisikia mwenyewe, hata pale alipokosea. Siku ya ufunguzi ulitoka laini kabisa kwenye spika kubwa, akina mama wakaucheza na vikapu kichwani. Mizani alisimama nyuma amekunja mikono, akijifanya anatazama nyaya. Nilijiona mjinga kwa hofu yangu yote.

Wiki iliyofuata kitindamimba wetu alishikwa na homa. Mchana nilikuwa naloweka kitambaa, na baba yake amekaa naye kitandani, amemwekea kwapani kipimajoto, kile kidogo cha betri kinacholia pi, pi, pi kikimaliza. Nilifika mlangoni na kitambaa changu. Kikalia. Nilikisikia vizuri mpaka kikanyamaza. Mizani alikuwa ameinamisha kichwa, anampapasa mtoto nywele, anasubiri.

"Kinachelewa leo," akaniambia.

"Baba," mtoto akasema, "kimeshalia."

Akacheka. Kisha akaninyanyulia macho, na kicheko kikabaki usoni bila kazi. Ningeweza kusema mtoto anaweweseka. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Kimelia, mume wangu," nikasema.

Alikitoa taratibu, akakigeuzia dirishani, akasoma. Namba ilikuwa pale inamsubiri yeye.

"Homa imeshuka," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika katika chumba kile.

Kesho yake niliihamisha cherehani yangu kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma. Nilisema jikoni kuna moshi. Hakubisha, hakuuliza, na huyu ni mtu aliyewahi kuninunia kwa sababu ya kikapu cha uzi. Alisogeza meza yake tu, akaniachia nafasi mbele ya spika. Akaufungua wimbo mpya, akapandisha sauti za juu kidogo kidogo, mkono wake ukisita kila mara.

"Unachoma?" akauliza bila kunitazama.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikasikiliza vizuri kabla ya kumjibu.