Masinko ya Engida Haifunguki Tena

Saa tatu asubuhi, Gashaw Engida anabonyeza kitufe cha kinanda katika chumba chake cha kupangia muziki, mtaa wa Gulele, Addis Ababa. Kimya. Anabonyeza tena.

"Umenunua punda mpya, mzigo anaukataa," anasema mkewe, Tirungo, akimmiminia kahawa.

"Punda mzima, mama Mahlet. Mzigo ndio haumjui."

Mzigo huo ni kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu ya muziki. Rafiki yake, Surafel, alimrekodi baba yake Gashaw, mzee Engida, azmari, mwimbaji na mpiga ala wa harusi, noti moja moja, akaitia humo masinko yake, zeze la uzi mmoja. Mzee sasa ni marehemu. Kompyuta ya zamani iliungua umeme uliporudi ghafla. Mpya, iliyomeza malipo ya nyimbo kumi na tano, ina prosesa ya aina nyingine, na kiprogramu hakikuandikwa kwa ajili yake.

Alipata kompyuta kuukuu ya aina ile ya zamani katika soko la Merkato. Kiprogramu kikaomba kibali cha mtengenezaji. Surafel, anayeendesha teksi ughaibuni siku hizi, alishaacha kazi ya programu, kibali hawezi tena kukitoa, na rekodi za awali hanazo.

"Aliniambia, 'Kaka, nisamehe, nilifuta,'" anasema Gashaw. "Nimtukane? Naye alimpenda mzee."

Kosa lake mwenyewe halifichi. Wenzake huhifadhi kila ala kama sauti ya kawaida, isiyohitaji kiprogramu, kazi ikiisha. Yeye hakufanya hivyo. Mtoto wa azmari hufuata koo la mwimbaji, leo juu, kesho chini, kwa hiyo aliacha kila kitu wazi kwa marekebisho.

"Baba alisema wimbo uliokwisha umekufa. Nilimsikiliza kupita kiasi."

Binti yao, Mahlet, anaolewa baada ya Fasika, Pasaka ya Ethiopia. Aliahidiwa tangu utotoni kwamba ataingia ukumbini kwa masinko ya babu.

"Abaye, babu hayumo kwenye zile nyimbo za wateja?" anamuuliza baba yake kutoka mlangoni.

"Yumo, chini ya ngoma na waimbaji. Hatoki, binti yangu."

Mahlet anakaa kando yake.

Wiki ijayo Gashaw atapanda basi kwenda Gondar, kwa mdogo wa baba yake, aliyefundishwa na mzee Engida.

"Mkono wake unatetemeka siku hizi," anasema. "Nitamrekodi na mtetemo wake, nihifadhi sauti tupu."

"Si babu," anasema Mahlet.

"Si babu," anakubali Gashaw, na kuizima kompyuta.