Mguu Juu ya Mito, Mkwe Mlangoni

Usinikunjie uso, msomaji, ukasema kidole gumba cha mguu hakimlazi mtu mzima. Mie nilipasuliwa ule mfupa unaochomoza pembeni mwake, na mguu ukakaa miezi umevimba. Kwa hiyo jirani yangu hapa Temeke alipopasuliwa wa kwake, nilikwenda kumuuguza. Daktari alimwambia wiki mbili mguu ukae juu ya mito, na akienda chooni akanyagie kisigino.

Siku ya nne akaingia mama mkwe wake, katoka foleni ya sukari duka la ushirika. Akaketi mkekani, miguuni pa kitanda, unyayo wa mgonjwa ukimtazama usoni. Mgonjwa akauteremsha mguu upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nusu saa nzima wakaongea habari za sukari, mguu unaning'inia. Nikaona bandeji inalowa damu. Mgonjwa anatabasamu, jasho linamtiririka.

"Urudishe juu," nikamwambia.

"Mbele ya mama, bibi?"

Nikamgeukia mkwe. "Mwenzangu, hamia huku kichwani."

"Nimekuja kumwona mgonjwa, sikuja kuhamishwa."

"Watu wanahamishwa vijiji vizima kwenda ujamaa siku hizi, wewe mkeka tu unakushinda?"

Akaitazama ile bandeji iliyolowa. Kisha akainuka, akaubeba mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya mito.

"Kumbe unaumia hivi, nawe unanichekea?" akamwambia mkwewe.

Kidonda kinataka mapumziko, na wageni wetu wanataka heshima. Nikachukua kanga yangu, nikatoka, nikaufunga mlango asije akaingia mwingine.