Siku Nne Nilizonyamaza

Wakati ule bado nilikuwa nabeba maji kutoka mtoni Kola, mtungi wa lita ishirini mgongoni, mkanda wa ngozi umekaza kwenye paji la uso. Asubuhi moja nilipoinama kuuinua, kitu kilinikata kiunoni. Nilikaa mchangani mpaka jirani akanibebea mtungi. Mama mkwe alinikanda kwa maji moto ya chumvi, akasema kila mwanamke aliyezaa huumwa kiuno.

Lakini maumivu hayakukaa kiunoni. Yalishuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu, yakichoma kama waya uliotoka motoni. Nikikohoa, yalizidi. Kukaa kulinishinda kuliko kutembea. Kanisani nilisimama nyuma ibada nzima, na kuna aliyeniuliza nimekosana na nani. Vidonge vya duka la dawa vilinituliza kwa saa chache tu.

Kisha siku moja nikitoka shambani mume wangu aliniuliza, "Slipa ingine iko wapi?"

Nilitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, mwiba umeingia kwenye unyayo, damu inatoka. Sikuwa nimehisi lolote. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nauburuta.

Wiki hiyo hiyo, nikioga, niligundua kwamba pale ninapokalia, na katikati ya mapaja, hapahisi mkono wangu. Nilikwenda chooni nikachuchumaa muda mrefu, mkojo usitoke ila matone. Niliona aibu. Mume wangu nilimweleza habari ya mguu peke yake, na hayo mengine nikayaficha siku nne. Siku ya tano tumbo la chini lilikuwa limejaa na kuwa gumu, nikamwambia mama mkwe. Aliweka ungo chini, akaenda mwenyewe kutafuta gari.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Aliuliza, "Mama, hii ganzi ya huku chini ilianza lini?"

Nilipomjibu aliacha kuandika. Alinieleza kwamba ule mto mdogo laini, kama wa kulalia, ulio kati ya pingili za mgongo ulikuwa umepasuka, ukatokeza na kubana mishipa ya fahamu. "Maumivu ya mguu yangengoja kidogo," alisema. "Lakini hii ya mkojo ilikuwa ya kuja siku hiyo hiyo."

Walinipeleka Nairobi, nikapasuliwa huko. Nilipozinduka, moto wa mguuni ulikuwa umezimika. Mkojo haukurudi. Hadi leo nautoa kwa mpira mwembamba, mara nne kwa siku, mlango umefungwa. Mume wangu alihamia chumba kingine, na hatukulizungumza. Mama mkwe ndiye huniletea maji ya kunawa. Huyaweka mlangoni, hukohoa kidogo nijue yapo, kisha huondoka polepole.