Swala Waliovaa Buibui

Mchanga wa jangwani ukimwagiwa maji kwa mara ya kwanza baada ya joto kali hutoa harufu ya chungu kipya. Kila mwaka hewa ya Dubai inapolegea na watunza bustani wanapofungulia mipira yao ya maji, harufu hiyo hunikuta popote nilipo, hata kituo cha basi, na badala ya kunituliza kama inavyowatuliza watu wenye akili zao, hunipandisha hasira. Nimefika umri wa kumiliki miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Nina shahada ambayo mama aliitundika juu ya televisheni. Na bado naweza kusimama ndani ya lifti nikigombana kimoyomoyo na mtu ambaye sijamtia machoni tangu nilipokuwa msichana mdogo.

Baba alikuwa mwangalizi wa shamba la mitende nje ya mji. Mwenye shamba, ambaye sote tulimwita Arbab, alikuwa mzee mpole aliyeanza kuishiwa na nguvu za miguu, na mwaka ule alitamani jambo moja tu: majira ya baridi, atakapokaa barazani na wageni wake, swala wa jangwani waje wenyewe mbele yake. Hakutaka swala wa kufungiwa. Aliamuru ua wa upande wa jangwa ubomolewe, akatenga kipande cha ardhi mbele ya baraza kipandwe chakula cha kuwavuta, kisha akafanya kosa la kuwapa kazi hiyo watu wawili. Mmoja alikuwa baba. Wa pili alikuwa msimamizi mpya, kijana aliyesomea kilimo ng'ambo, ambaye nyumbani kwetu tulimwita Injinia kwa sababu ya viatu vyake. Kila mmoja achague mbegu, apande nusu yake, na ambaye swala watalila shamba lake ndiye atakayeachiwa bustani yote. Vyumba vyetu viwili nyuma ya pampu vilikuwa vya mwangalizi wa shamba. Mama hakuhitaji kufafanuliwa.

Injinia aliagiza mbegu kutoka nchi za theluji. Zilikuja katika mfuko unaong'aa, umechorwa mnyama mwenye pembe zilizotawanyika kama matawi ya mti mkavu, mnyama ambaye hajawahi kukanyaga Uarabuni wala hana mpango huo. Baba alinichukua hadi duka la mbegu Deira, mahali palipojaa vumbi tamu la nafaka. Akatia mkono katika kila gunia, shayiri, mtama, mbegu za jeti, yale majani ya mifugo, akitafuna punje moja moja na kutema kando kwa adabu. Muuza duka alimshauri achukue jeti. Baba akaenda moja kwa moja kwenye gunia la kunde. Nilidhani ana siri aliyorithi kwa wazee wake wa Unguja. Hakuwa nayo. Alikuwa hajawahi kumlisha swala maishani mwake. Alichagua kitu anachokipenda yeye.

"Unapanda shamba la swala au unajipandia futari?" mama alimuuliza.

"Mwenye mdomo atakula," baba akajibu, akaendelea kuzilowesha.

Kunde zilishika upesi, zikatandaza majani laini ya kijani kizito, na habari ikaenea mjini kwa njia zisizojulikana hadi leo. Ijumaa ya kwanza alifika Bi Rukia, rafiki wa mama, amebeba kikapu. Alikuja kumjulia hali tu, alisema, na kwa vile yuko hapahapa atachuma kidogo. Ijumaa iliyofuata alikuja na dada zake. Wakati ule majani ya kunde hayakupatikana kirahisi Dubai, na watu waliokua wakila mboga ya kunde kwa tui la nazi walikuwa na njaa ambayo mchicha wa sokoni hauwezi kuiondoa. Baba angemfukuza vipi Bi Rukia, aliyemfundisha mama kuoka mofa? Alisimama pembeni akisema, "Bi mkubwa, tafadhali, waachieni na wenyewe." Bi Rukia alimjibu bila kuinua kichwa, "Wenyewe tumeshafika, mwanangu."

Siku moja Arbab aliketi barazani na wageni, swala hawajaonekana, na wanawake wetu wako shambani wameinama. Injinia aliwanyooshea kidole. "Arbab, swala wa huyu bwana wamevaa buibui."

Baraza zima likacheka. Arbab alicheka mpaka akafuta macho. Mimi, niliyekuwa nimeshika sinia ya tende, nilimtazama baba, nikimngojea aseme neno lolote, maana mmoja wa walioinama pale alikuwa mama. Baba naye akacheka. Nimeelewa baadaye kwamba mtu anayekaa nyumba ya kazi hana uhuru wa kuchagua vichekesho. Nimeelewa, lakini sijakubali. Mama alijinyoosha, akatikisa udongo kwenye kiganja, akainama tena kuchuma.

Swala walikuja alfajiri moja ya ukungu. Niliwaona kwa macho yangu kutoka mlango wa jiko, wepesi, mikia ikitikisika, wakipita katikati ya majani ya Injinia bila hata kunusa. Walikula kunde mpaka zikabaki vijiti. Nyayo zao zilionyesha kila kitu, na baba alimleta Arbab taratibu azione. Injinia aliinama juu ya nyayo zilezile, akatikisa kichwa kama daktari. Majani yake, alieleza, ndiyo yaliyowaita kwa harufu. Kunde walizikuta tu njiani. Arbab alisema wote wawili wamefanya vizuri, mashallah, kisha akampa bustani mwenye cheti, maana kwake hakuna msururu wa wanawake. Khalas. Kabla baridi haijaisha tulikuwa katika chumba kimoja Deira, na baba akawa analinda ghala Jebel Ali, ambako hakioti kitu.

Shamba lile sasa ni mtaa wa majumba ya kifahari. Rafiki yangu anayeishi huko alinionyesha tangazo la uongozi wao: swala wanaingia na kula maua, wakazi wanaombwa wasiwalishe kwa hali yoyote. Nililisoma mara mbili, kwa miwani zote mbili. Tulitolewa nyumbani kwa kugombania kuwaita, na leo kuwaita ni kosa.

Nikarudi kwangu Al Nahda, orofa ya tisa, nikapanda kunde kwenye ndoo za rangi roshani. Majirani wanadhani ni mapambo. Juzi mlinzi wa jengo, msichana wa Kenya, alipanda kuangalia bomba linalovuja, akasimama mlangoni mwa roshani na kusahau bomba.

"Madam, pole kuuliza. Hizo si ni kunde?"

"Ni kunde."

Alitazama nyuma kama mtu anayeogopa kamera. "Naeza chuma kidogo? Kidogo tu."

Nilimpa kikapu cha mama. Nikamwambia aje na dada zake.